Herufi ĩ na ũ: Jinsi ya Kuziandika kwa Kompyuta na Simu

Mkazi wa Nyeri anayeketi mbele ya kompyuta kuandika barua kwa Gĩkũyũ hukwama mapema. Kibodi ina herufi zote za Kiingereza na Kiswahili, lakini herufi mbili za lugha yake, ĩ na ũ, hazimo. Wengi huandika i na u za kawaida na kuendelea. Wengine huchapisha barua kwanza, kisha huongeza vialama kwa kalamu ya wino, neno baada ya neno.

Vialama hivyo si mapambo. Kiswahili kina irabu tano. Gĩkũyũ kina saba. Sauti ya ĩ iko kati ya i na e, na sauti ya ũ iko kati ya u na o. Neno guka ni babu, na gũka ni kuja. Jina la mji wetu lenyewe ni ushahidi: kwa Gĩkũyũ huandikwa Nyĩrĩ, lakini walioliandika kwa Kiingereza walisikia e, na Nyeri ikabaki kwenye ramani hadi leo. Hali ni hiyo hiyo kwa majirani, kwa kuwa Kiembu na Kimeru pia huandikwa kwa ĩ na ũ.

Uandishi wa Gĩkũyũ una historia ndefu katika kaunti hii. A. R. Barlow wa misheni ya Tumutumu, Mathira, alichapisha utafiti wake wa sarufi ya lugha hii mwaka wa 1914, na maneno aliyoyakusanya yakawa msingi wa kamusi kubwa iliyohaririwa na T. G. Benson na kutolewa Oxford mwaka wa 1964. Mjini Karatina, Gakaara wa Wanjaũ aliendesha kiwanda chake cha uchapishaji kwa miaka mingi, akitoa vitabu na magazeti kwa Gĩkũyũ. Kitabu chake cha kumbukumbu za kizuizini, Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, kilipata Tuzo ya Noma mwaka wa 1984. Hesabu vialama katika anwani hiyo pekee: vitatu. Kama mchapishaji wa Karatina aliweza kuviweka kwa herufi za risasi, hakuna sababu kompyuta ya leo ishindwe.

Na kwa kweli haishindwi. Kila herufi katika kompyuta ina namba yake katika utaratibu wa kimataifa uitwao Unicode, na herufi zetu zimekuwemo tangu toleo la kwanza la mwaka wa 1991. Namba zenyewe ni 0129 kwa ĩ, 0128 kwa Ĩ kubwa, 0169 kwa ũ na 0168 kwa Ũ kubwa. Fonti nyingi zinazotumika maofisini zinazo herufi hizi. Hapo tuna deni kwa watu wa Vietnam, kwa sababu lugha yao pia huandikwa kwa ĩ na ũ, na watengenezaji wa fonti waliowahudumia wao wametuhudumia na sisi bila kukusudia.

Njia ya haraka kwa anayetumia Microsoft Word ni hii. Andika neno hadi mahali pa herufi unayotaka, andika namba yake, kisha shikilia kitufe cha Alt na ubonyeze X. Namba itageuka kuwa herufi papo hapo. Ili kupata Mũthoni, andika M0169, bonyeza Alt na X, kisha malizia thoni. Baada ya siku mbili tatu vidole huzoea.

Njia hii ina mtego mmoja ambao umewakatisha tamaa watu wengi. Namba za Unicode hutumia pia herufi A hadi F. Kwa hiyo, ikiwa herufi inayotangulia namba ni mojawapo ya hizo, Word huidhani kuwa sehemu ya namba. Anayeandika Wamb0169 akitafuta Wambũi atapata kisanduku kitupu au alama asiyoijua, kwa sababu mashine imesoma B0169. Dawa yake ni kuandika U+0169 badala ya 0169, ili Word ijue namba inaanzia wapi. Ukishapata alama ya ajabu, bonyeza Ctrl na Z kurudi nyuma.

Wapo wanaojaribu kitufe chenye alama ya wimbi (~), kilicho kushoto kwa tarakimu 1. Wazo hilo lina mantiki, kwani kialama ni kile kile. Lakini kibodi ya kimataifa ya Marekani iliyomo ndani ya Windows huunganisha wimbi hilo na a, n na o tu, herufi ambazo Wareno na Wahispania wanazihitaji. Ukibonyeza wimbi kisha i, unapata ~i. Kosa si la mwandishi.

Kwa karani anayeandika majina mengi kila siku, kuna njia nyepesi zaidi. Word ina sehemu ya kusahihisha maneno yenyewe, AutoCorrect, ambayo huweza kufundishwa kwamba kila mara Mukurweini inapoandikwa igeuzwe kuwa Mũkũrwe-inĩ. Kazi hiyo hufanywa mara moja kwa kila neno. Itumike kwa majina ya mahali na maneno ya kawaida, wala si kwa majina ya watu, kwa sababu itakayoelezwa hapa chini. Njia nyingine ni kufungua Insert, kisha Symbol, kuitafuta herufi na kuipa vitufe vyake, kwa mfano Alt na i.

Katika Excel mbinu ya Alt na X haifanyi kazi. Pale ni rahisi kunakili herufi kutoka Word, au kuweka faili ndogo yenye herufi nne, ĩ ũ Ĩ Ũ, kwenye uso wa kompyuta na kuchota humo. Saiba nyingi zingewafaa wateja wao kwa kuwa na faili kama hiyo. Shule au ofisi inayoandika Gĩkũyũ kila siku inaweza kwenda hatua moja zaidi na kutengeneza kibodi yake kwa programu ya bure ya Microsoft Keyboard Layout Creator, au kutumia Keyman, programu nyingine ya bure yenye kibodi za lugha nyingi za Afrika. Ikishawekwa, herufi hupatikana kwa vitufe viwili katika kila programu, Excel ikiwemo.

Kwa simu kazi ni ndogo zaidi. Kibodi ya Gboard, iliyomo katika simu nyingi za Android, ina Gĩkũyũ katika orodha ya lugha zake. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, chagua lugha, ongeza kibodi, na utafute Kikuyu. Mwenye iPhone anaweza kutumia sehemu ya kubadilisha maneno, iliyo katika mipangilio ya kibodi, ili kifupi anachokichagua kigeuke kuwa neno lenye kialama.

Sasa jambo zito: majina katika hati rasmi.

Kwa macho ya binadamu, Muthoni na Mũthoni ni mtu mmoja. Kwa mashine nyingi ni wawili. Chukua mfano wa mgonjwa aliyeandikishwa kwenye zahanati kwa jina la Muthoni, kisha akaenda hospitali nyingine iliyomwandika Mũthoni. Atakayetafuta rekodi yake kwa tahajia moja huenda asiione ile nyingine, na mgonjwa akafunguliwa faili mpya isiyo na historia ya dawa anazotumia. Ndivyo pia kwa orodha ya basari inayolinganishwa na orodha ya shule, au kwa hatimiliki ya shamba inayolinganishwa na kitambulisho wakati wa urithi. Jina likitofautiana, mwenyewe huombwa hati ya kiapo, na hati hiyo ina gharama na safari zake.

Vitambulisho vingi vya wakazi vimeandikwa bila vialama. Kwa hiyo katika maombi yoyote rasmi, iwe kwenye eCitizen, Huduma Centre au ofisi ya ardhi, mkazi anashauriwa kuandika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, hata kama anajua kwamba Gĩkũyũ sahihi ni tofauti. Hilo halimnyimi mtu jina lake. Katika mwaliko wa harusi, tangazo la mazishi, jiwe la kaburi, kitabu au barua kwa wazazi, jina liandikwe kikamilifu. Anayemwandikisha mtoto mchanga ana nafasi ya kuamua mapema, na la muhimu ni kwamba tahajia atakayoichagua ifanane katika cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na usajili wa shule.

Makarani nao wana wajibu upande wao. Orodha yenye majina ya Gĩkũyũ inapohamishwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, mara nyingine Mũthoni hutokea kama MÅ©thoni, na ĩ hutokea kama Ä©. Faili kama hiyo haijaharibika. Kompyuta huhifadhi kila moja ya herufi hizi kwa vipande viwili, na mfumo uliopokea umesoma kila kipande kama herufi kamili. Faili ikifunguliwa upya na kusomwa kama UTF-8, majina hurudi. Hatari ni karani kuanza kusahihisha kwa mkono, au kuihifadhi ilivyo. Anayehifadhi orodha kutoka Excel kwa ajili ya kuituma achague CSV UTF-8, si CSV ya kawaida. Jina likitokea kama M?thoni, hapo herufi imepotea kabisa, na itabidi kurudi kwenye faili ya awali. Alama ya kuuliza haijui kama ilikuwa ũ au ĩ.

Kuna tofauti nyingine isiyoonekana kwa macho. Herufi ũ inaweza kuandikwa kama herufi moja, namba 0169, au kama u ya kawaida ikifuatwa na kialama kinachoelea juu yake, namba 0303. Kwenye karatasi zinafanana kabisa, lakini si kila mashine inayozitambua kuwa kitu kimoja. Ofisi zitumie ile ya kwanza, na zinaponunua mfumo mpya wa rekodi zimwulize muuzaji swali moja: je, nikitafuta Muthoni, nitampata Mũthoni? Kulipa uwezo huo mwanzoni ni rahisi kuliko kuoanisha faili za wagonjwa miaka kumi baadaye.

Ritifaa ya ng' huleta taabu ya jamaa moja, na hii inawagusa hata wanaoandika Kiswahili. Ng'ang'a na Murang'a zikiandikwa katika Word, ritifaa iliyonyooka (') hugeuzwa kuwa iliyopinda (’) bila mwandishi kuambiwa, na jina linaponakiliwa kwenye fomu ya mtandaoni haliwiani na lililomo. Baadhi ya fomu hukataa ritifaa kabisa na kudai jina si halali. Anayejaza fomu aandike ritifaa moja kwa moja kutoka kwenye kibodi badala ya kunakili, na fomu ikikataa, amwulize afisa anayehusika kabla ya kuiondoa, kwa sababu Nganga na Ng'ang'a zitahesabiwa kuwa majina mawili.

Mwisho ni suala la SMS, linalohusu mifuko ya vyama vya ushirika, makanisa na vikundi vinavyowatumia wanachama matangazo kwa Gĩkũyũ. SMS ya kawaida hubeba herufi 160. Orodha ya herufi za kawaida za SMS haina ĩ wala ũ, na ikiwekwa hata moja tu, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na nafasi hupungua hadi herufi 70. Ujumbe ukizidi hapo, hukatwa vipande vya herufi 67. Tangazo la herufi 150, ambalo lingekuwa SMS moja, sasa ni tatu. Chama kinachowatumia wakulima 10,000 kitalipia ujumbe 30,000 badala ya 10,000. Kwa tarehe ya mkutano au bei ya majani chai, i na u za kawaida zinatosha, na msomaji ataelewa kutokana na maneno mengine. Kwa maelezo ya kipimo cha dawa ya mifugo au ya mimea, ambako neno moja likisomwa vibaya huleta hasara, ni heri kulipia SMS tatu, au kutuma tangazo kwa WhatsApp, ambako herufi hizi haziongezi gharama.