Skuta ya umeme ni njema, ila njia haipo

Kila chombo kipya cha usafiri kinapoingia mjini, sifa zake huwa zimekitangulia. Ndivyo ilivyokuwa kwa bodaboda, na ndivyo ilivyo sasa kwa skuta ya umeme. Tunaambiwa kwamba ni nyepesi, haina moshi wala kelele, haihitaji petroli, na kwamba itamwondolea mfanyakazi wa Nairobi adha ya misongamano ya magari na nauli zinazopanda kila wingu linapotanda. Sina ugomvi na sifa hizo. Hata hivyo, naamini kwamba chombo hakipimwi kwa maneno ya muuzaji, bali kwa njia kinayopitia na mtu kinayembeba. Kwa kipimo hicho, skuta ya umeme ni chombo chema kilicholetwa katika jiji ambalo halijakiandalia njia. Na njia hiyo inayokosekana ndiyo ambayo mwenda kwa miguu amekuwa akiililia miaka nenda miaka rudi.

Ili tusije tukazungumza bila kuelewana, nieleze kwanza chombo chenyewe. Skuta ninayoizungumzia si ile pikipiki ndogo yenye kiti. Ni ubao mwembamba wa kusimamia, wenye gurudumu dogo mbele na jingine nyuma, na usukani mrefu ambao aghalabu hukunjwa. Mota hufichwa ndani ya gurudumu, nayo betri mara nyingi hukaa ndani ya ubao. Wazo lenyewe si geni. Mnamo mwaka 1915 watu wa New York waliuziwa chombo cha namna hii kilichoitwa Autoped, nacho kilitumia petroli. Kilichokuja kubadilisha mambo ni betri ya lithiamu, ambayo huhifadhi umeme mwingi bila ya kuwa na uzito mkubwa. Ndiyo maana mwaka 2017 skuta za kukodi zilipoanza kuonekana Santa Monica, Marekani, hazikukawia kusambaa katika miji mingi ya dunia.

Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hivyo niliazima skuta ya jirani yangu kwa muda wa majuma mawili, nikaitumia kwenda kazini na kurudi. Safari yangu ilikuwa kutoka Hurlingham, kupitia Argwings Kodhek Road na Valley Road, hadi Kenyatta Avenue katikati ya jiji. Ni umbali wa kilomita 4 hivi, mrefu kidogo kwa miguu, na mfupi mno kwa mtu kukaa ndani ya matatu iliyosimama kwa nusu saa.

Tuanze na wepesi unaosifiwa. Skuta ya Xiaomi M365, iliyotoka mwaka 2016 na kuwa kama kielelezo cha nyingi zilizofuata, ina uzito wa kilo 12 hivi, mota ya wati 250, na mwendo usiozidi kilomita 25 kwa saa. Niliyoiazima ilikuwa ya kampuni nyingine, lakini vipimo vyake havikutofautiana sana na hivyo. Sasa, kilo 12 ni nyepesi ukizilinganisha na pikipiki. Ukizibeba mkononi hadi orofa ya nne, zinakaribia uzito wa mtungi mdogo wa gesi ya kupikia uliojaa. Ndani ya matatu niliikunja na kuiweka miguuni, na utingo hakulalamika kwa kuwa ilikuwa mchana na abiria walikuwa wachache. Sidhani angeninyamazia saa kumi na mbili jioni.

Kuhusu gharama ya umeme, hapa skuta inastahili pongezi bila kusita. Betri ya skuta kama hiyo niliyoitaja hubeba wati-saa 280, yaani chini ya theluthi moja ya yuniti ya umeme. Hata ukilipa shilingi 30 kwa yuniti, na hata tukihesabu kile kinachopotea wakati wa kuchaji, kuijaza betri yote hakutazidi shilingi 10 kwa kiasi kikubwa. Hakuna matatu itakayokufikisha popote kwa fedha hizo. Isitoshe, sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji ya mito, upepo na jua. Kwa hivyo mwenye skuta hapa kwetu hajahamisha tu moshi kutoka barabarani na kuupeleka kwenye kituo cha kuzalisha umeme, kama inavyotokea katika nchi zinazochoma makaa ya mawe.

Lakini umeme si gharama yote. Skuta yenyewe hununuliwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi, na betri yake, kama betri nyingine zote za aina hiyo, hupungua nguvu kadiri inavyochajiwa na kutumiwa mwaka baada ya mwaka. Fauka ya hayo, umbali unaoandikwa kwenye sanduku hupimwa katika hali ya raha: mpandaji wa uzito wa wastani, mwendo wa pole na barabara tambarare. Nairobi haikujengwa juu ya meza.

Valley Road ilinifundisha hilo mapema. Asubuhi nilikuwa nikiuteremka mlima huo betri ikiwa imejaa, na jioni nikiupanda betri ikiwa imechoka, kinyume kabisa cha vile ambavyo mtu angependa. Mwalimu wa fizikia anaweza kuligeuza jambo hili kuwa zoezi la darasani. Tuchukue mpandaji na skuta yake, jumla kilo 90, wakiupanda mlima unaoinuka mita 1 kwa kila mita 10 za njia. Kani ya kuwapandisha ni niutoni 88 hivi. Gawanya wati 250 kwa 88, nawe utapata mita 2.8 kwa sekunde, yaani kilomita 10 hivi kwa saa, kabla hata ya kutoa kile kinacholiwa na msuguano na upepo. Ni kweli kwamba mota nyingi huweza kuzidisha nguvu zake kwa muda mfupi. Hata hivyo, mlima mrefu una subira kuliko mota ndogo.

Hayo yote yanavumilika. Lisilovumilika ni suala la usalama, na chanzo chake ni gurudumu. Gurudumu la skuta ya kawaida lina kipenyo cha inchi 8 na nusu, ilhali la baiskeli ya mtu mzima hufika inchi 26 au zaidi. Shimo ambalo baiskeli hulivuka kwa kuruka kidogo, skuta huingia humo na kukwama, naye mpandaji akaendelea na safari peke yake. Mwendo wa kilomita 25 kwa saa ni karibu mita 7 kwa kila sekunde. Ukigonga ukuta kwa kasi hiyo, kishindo chake ni sawa na cha mtu aliyeanguka chini kutoka mita 2 na nusu hivi, yaani takriban kutoka kwenye dari ya darasa. Anayepanda chombo hiki bila kofia ya kukinga kichwa na aikumbuke dari hiyo.

Mvua nayo ina neno lake. Skuta nyingi huhimili manyunyu, lakini hazikuundwa ziogelee kwenye madimbwi ya mwezi wa Aprili, ambapo mtu hawezi kujua kama maji yaliyo mbele yake yamefunika lami au mtaro usio na kifuniko. Betri pia yataka uangalifu. Mnamo Desemba 2021, mamlaka ya usafiri ya London ilipiga marufuku skuta za umeme ndani ya treni na mabasi yake baada ya baadhi yazo kushika moto. Nalitaja hili kwa ajili ya walimu ambao huenda wakachaji skuta zao chini ya meza katika ofisi ya walimu, na wanafunzi wa vyuo wanaolala wanne katika chumba chenye mlango mmoja. Betri iliyopasuka au kuvimba, na chaja isiyo ya chombo hicho, si vitu vya kufanyia mzaha.

Je, skuta ipite wapi? Hapa ndipo nilipopata taabu kubwa kuliko zote. Katikati ya barabara kuna matatu na malori. Kandokando, pale ambapo njia ya miguu ipo, kuna akina mama wenye watoto, wachuuzi, na bodaboda waliokwisha kuigeuza kuwa barabara yao ya pili. Sheria haitusaidii sana. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yenye asili yake katika miaka ya 1950, inafafanua gari kwa upana kuwa chombo kinachoendeshwa kwa mtambo. Ukiyasoma maneno hayo bila kuyapinda, ubao huu wa kilo 12 unajikuta katika kundi moja na lori.

Wenzetu wamelikabili swali hili, kila mmoja kwa njia yake. Ujerumani ilitunga kanuni mwaka 2019: mwendo usizidi kilomita 20 kwa saa, mpandaji awe na umri wa miaka 14 au zaidi, chombo kiwe na bima, na kisipite kwenye njia ya waenda kwa miguu. Uingereza iliruhusu majaribio ya skuta za kukodi kuanzia Julai 2020, huku ikiendelea kuzikataza za watu binafsi katika barabara za umma. Jijini Paris, wakazi waliitwa kupiga kura tarehe 2 Aprili 2023. Waliojitokeza hawakufika asilimia 8 ya wapiga kura, lakini karibu asilimia 90 ya hao walizikataa skuta za kukodi, na kufikia Septemba mwaka huo zilikuwa zimeondolewa. Moja ya sababu zilizowaudhi ni kuziona zikitupwa ovyo na kuendeshwa katika njia za miguu. Funzo ninalolipata ni kwamba chombo kisichotengewa mahali pake humnyang'anya mnyonge mahali pake.

Na hapa kwetu mnyonge huyo ni nani? Ni mtu anayetembea. Kati ya mwaka 2021 na 2024, kila mwaka watu zaidi ya 4,000 walipoteza maisha katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko mengine yote lilikuwa la waenda kwa miguu. Miongoni mwao wamo wanafunzi wanaovuka barabara kuu alfajiri, vitabu mgongoni. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ikaweka lengo la kutenga asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa ajili ya waenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Ni sera nzuri kwenye karatasi. Pale ilipofuatwa, kama katika sehemu za Kenyatta Avenue na Wabera Street zilizokarabatiwa, hata mimi na skuta yangu tulipita kwa amani. Lakini hatua chache baada ya sehemu hizo njia ilikatika ghafla, kama sentensi isiyo na kitenzi.

Najua kuna atakayesema kwamba hii ni anasa ya wachache, na kwamba si haki kulizungumzia jambo la skuta wakati ambapo maelfu hutembea kwa kukosa nauli. Ningekubaliana naye iwapo njia ninayoidai ingekuwa ya skuta peke yake. Skuta haidai kitu ambacho kiti cha magurudumu cha mlemavu hakikidai, wala baiskeli ya mwuza maziwa, wala mguu wa mtoto wa shule. Wote wanataka njia pana, laini, isiyo na mashimo, yenye taa usiku, iliyotengwa na magari kwa ukingo imara. Tofauti ni kwamba mwenda kwa miguu ameyazoea mashimo hata ameacha kulalamika, ilhali gurudumu la inchi 8 na nusu haliwezi kuyazoea.

Uamuzi wangu basi ni huu. Kwa mtu mzima anayesafiri kilomita 3 au 5 katika njia iliyo tambarare na yenye lami nzuri, ambaye ana mahali salama pa kuichaji na fedha za kununua kofia pamoja na skuta, chombo hiki kinafaa. Mwenye kupanda milima mirefu na aipande kwanza skuta ya kuazima kabla ya kutoa fedha zake. Anayepita katika barabara za malori asiiguse. Mwanafunzi wa shule hapaswi kuletewa kama zawadi ya kufaulu mtihani, hata akililia vipi, mpaka kuwe na njia ya kumpitisha salama.

Kwa walimu nina ombi moja. Wapeni wanafunzi wenu utepe wa kupimia, watoke nje ya lango la shule, wapime njia wanayopita kila siku: upana wake, mashimo yake, mahali inapokatikia. Kisha waandike barua kwa mwakilishi wao wa wadi, kwa Kiswahili sanifu, wakiyataja waliyoyapima. Zoezi hilo lina hesabu, lina jiografia na lina insha. Dau la mnyonge haliendi joshi, walisema wa kale, lakini barua yenye vipimo ni vigumu kuijibu kwa ahadi tupu.

Skuta nimeirudisha kwa mwenyewe, ikiwa nzima, nami ni mzima. Nitanunua yangu siku nitakayoweza kutoka Hurlingham hadi mjini bila kumtoa mtoto wa mtu njiani.