Tundu Lisilopaswa Kuzibwa: Tanki la Dizeli na Uzito wa Hewa (Sehemu ya Nne)

Tangu Agosti 2025, Rwanda ilipoanza upimaji mpya wa moshi wa magari chini ya mamlaka ya mazingira, REMA, wenye magari wamelazimika kujali mambo ambayo zamani waliyaachia mafundi. Nozeli, filta ya hewa, turbo na pampu ya dizeli sasa ni habari za mezani, na hilo ni jambo la heri. Lakini hofu ya kipimo huzaa pia bidii isiyo na elimu, na bidii ya aina hiyo hukimbilia kuziba. Panaponukia mafuta pazibwe. Penye tundu papigwe gundi. Tumelelewa na methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta, tukaamini kwamba kila uwazi ni kasoro. Makala ya leo inatetea uwazi mmoja ambao gari la dizeli haliwezi kuishi bila huo: tundu la kupitishia hewa kwenye tanki, ambalo kwa magari mengi ya zamani, malori na trekta limefichwa ndani ya kifuniko chenyewe.

Katika sehemu zilizopita tulifuata dizeli kutoka kwenye filta hadi kwenye nozeli. Leo tunarudi nyuma, kabla ya pampu, mahali ambapo watu wengi hudhani hakuna la kujifunza. Tanki si pipa tu. Kila lita inayotoka lazima nafasi yake ichukuliwe na lita ya hewa, kama mwenye duka anavyojua kwamba debe la mafuta ya kupikia lililotobolewa tundu moja halimiminiki sawasawa mpaka litobolewe la pili. Msomaji makini atapinga: mbona sehemu kubwa ya dizeli inayovutwa hurudi tankini kwa paipu ya marejesho? Ni kweli, na ile inayorudi haihitaji kufidiwa. Lakini ile iliyochomwa hairudi, nayo ndiyo inayoacha ombwe. Isitoshe, inayorudi imepata joto la injini. Lita 100 za dizeli zikipanda joto kwa nyuzi 20 huongezeka kwa takriban lita moja na theluthi mbili. Kwa hiyo tanki linahitaji kuvuta pumzi na kuitoa pia.

Dalili za tundu lililoziba zinajulikana, ila husomwa vibaya. Gari linaondoka Nyabugogo likiwa na nguvu zote, linaanza kupanda Shyorongi, na baada ya muda linalegea, linakatakata, kisha linazima. Dereva anasubiri kando ya barabara. Hewa inapenya polepole kupitia mpira wa kifuniko, gari linawaka, safari inaendelea, kisha ugonjwa unarudi. Fundi mwenye haraka hubadilisha filta, halafu hushuku pampu, halafu huikaza skrubu ya pampu ili injini ipewe dizeli zaidi. Hapo ndipo kosa dogo la kifuniko linapogeuka kuwa moshi mweusi: siku tanki likipata hewa, pampu iliyofunguliwa kupita kiasi inamwaga mafuta ambayo hewa ya injini haitoshi kuyachoma. Tundu lililoziba halitoi moshi mweusi. Tiba yake potofu ndiyo inayoutoa.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili lina nguvu kiasi hicho, tuache neno "kuvuta" kwa muda. Pampu haivuti mafuta. Pampu hupunguza shinikizo upande wake, na hewa iliyo juu ya mafuta tankini ndiyo inayoyasukuma. Ukweli huu uliwachukua wanadamu karne nyingi. Mwaka 1638 Galileo alichapisha habari ya pampu iliyokataa kupandisha maji zaidi ya dhiraa 18, karibu mita 10, akadhani nguzo ya maji inakatika kwa uzito wake yenyewe. Mwaka 1644 mwanafunzi wake Torricelli alieleza jaribio la mrija wa zebaki: ukijazwa na kupinduliwa katika bakuli, zebaki hushuka na kusimama kwenye kimo cha sentimita 76 hivi. Hakuna kinachoishika kwa juu. Kinachoibeba ni uzito wa hewa unaokandamiza bakuli.

Kama hewa ina uzito, basi mlimani uzito huo upungue. Blaise Pascal alimwandikia shemeji yake, Florin Périer, aliyeishi Clermont chini ya mlima Puy de Dôme, alipime hilo. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer aliacha mrija mmoja katika bustani ya watawa, mtawa mmoja akiuangalia kutwa, akapanda na mwingine mpaka kileleni. Juu, zebaki ilikuwa imeshuka zaidi ya sentimita 8. Chini, ule wa mtawa haukutikisika. Tazameni uaminifu wa watu wale: hawakuridhika na mrija mmoja uliopanda, walitaka wa pili wa kushuhudia kwamba siku yenyewe haikubadilika. Fundi anayebadilisha vipuri vitatu kwa mpigo, kisha akasema amepata ugonjwa, hajafikia adabu ya watu wa 1648.

Lakini mwalimu halisi wa tanki letu ni Otto von Guericke, mhandisi na meya wa Magdeburg, mji wa Ujerumani ulioteketezwa vitani mwaka 1631. Alitaka kutengeneza ombwe. Kwanza alijaza maji kwenye pipa la mbao na kuyatoa kwa pampu. Hewa ikapenya kwenye maungio kwa mlio. Akaagiza tufe la shaba, akaanza kutoa hewa, na ghafla likakunjamana kwa kishindo, kwa kuwa halikuwa la duara kamili. Lililoundwa vizuri zaidi ndilo lililostahimili. Mwaka 1657, mjini kwake, aliunganisha nusu mbili za tufe lenye upana wa kama nusu mita, akaondoa hewa ndani, na farasi 16, wanane kila upande, wakazivuta. Hewa ilikuwa imezibana kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani mbili. Wengi hukumbuka farasi. Mwenye gari anapaswa kukumbuka lile tufe la shaba lililokunjamana, kwa sababu tanki la gari si tufe. Lina kuta bapa, na ukuta bapa ndio dhaifu kuliko yote mbele ya hewa.

Sasa tulete hesabu hiyo nyumbani. Kigali iko kwenye mwinuko wa mita 1,567 hivi, na mrija wa Torricelli hapa ungesimama karibu sentimita 64. Maana yake, hewa inayosukuma dizeli yetu ina nguvu pungufu kwa takriban moja ya sita kuliko ile ya Dar es Salaam. Injini ileile, pampu ileile, huku kwetu inaanza safari na akiba ndogo, kwa hiyo ombwe dogo tankini ambalo pwani lingevumiliwa, hapa linaweza kuizima. Kisha fikiria barabara ya Rusizi: inapita Nyungwe karibu na mita 2,500, na ukiendelea mpaka Bugarama uko chini ya mita 1,000. Tanki lililoziba kabisa likishuka hivyo, hewa ya nje inaizidi ya ndani kwa kilopaskali 15 hivi, hata kabla ya kuhesabu mafuta yaliyotumika. Kwenye ukuta wa sentimita 50 kwa 50, hiyo ni kama mzigo wa kilo 380. Lori linalotoka bandarini kupanda kwetu hupata kinyume chake: hewa iliyofungiwa pwani inatafuta pa kutokea. Nchi ya milima elfu moja ingetakiwa kuwa ya kwanza duniani kukagua vifuniko vya tanki.

Pingamizi la kwanza ni la haki: je, tundu hilo halichafui hewa tunayotaka kuisafisha? Jibu liko katika tofauti ya mafuta. Petroli huvukiza kwa wingi, ndiyo maana California tangu magari ya 1970, na Marekani nzima tangu yale ya 1971, ilidai mvuke huo uzuiwe. Leo unanaswa kwenye kopo la mkaa na kupelekwa kwenye injini ukachomwe. Dizeli kwenye joto la kawaida haitoi mvuke hata wa moja ya mia ya ule. Kazi ya tundu lake hasa ni kuingiza hewa. Kwa hiyo kifuniko cha gari la petroli hakifai kwenye la dizeli hata kama uzi unakubali. Pingamizi la pili ni vumbi na maji. Hili nalikubali, na ndiyo sababu tundu zuri si shimo tupu. Ukifungua kifuniko cha lori utaona mpira wa mviringo, chini yake sahani yenye springi, na katikati vali ndogo inayofunguka kwa ombwe hafifu kuelekea ndani. Hewa hupita njia ya kupindapinda inayoacha vumbi nyuma. Anayekitoboa kwa msumari amefanya kosa kama la anayekiziba, na gari likipinduka atamwaga dizeli barabarani. Kanuni namba 34 ya Umoja wa Mataifa kuhusu hatari ya moto inataka shinikizo la ziada tankini lijiachie lenyewe, kwa njia isiyoleta moto. Pingamizi la tatu ni wizi wa mafuta. Kufuli ni halali, ila kinunuliwe kifuniko chenye kufuli na vali. Na wale wanaoziba kwa kitambaa, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa mwaka 2008, wajue kwamba nyuzi zake zinaishia kwenye filta.

Magari mengi ya kisasa yanapumulia kwenye paipu ya juu ya tanki, na kifuniko chake kimefungwa kwa makusudi. Mlio mdogo unapokifungua si ugonjwa. Kipimo ni kimoja: gari likilegea, simama mahali salama, fungua kifuniko polepole. Hewa ikiingia kwa nguvu na injini ikarudi uhai, umepata mgonjwa wako kabla ya kugusa pampu. Safisha njia ya hewa, au nunua kifuniko cha aina yake.

Kuhusu vituo vya kupima moshi nina ombi moja tu. Gari la dizeli likishindwa, mwenye gari aulizwe kama pampu iliwahi kufunguliwa, na kwa nini. Jibu la swali la pili mara nyingi litakuwa nguvu zilizopotea mlimani, na aliyepoteza nguvu mlimani akaguliwe tanki kwanza. Shule zetu za ufundi zinaweza kufundisha haya asubuhi moja kwa mrija, maji na kopo la bati, bila kompyuta yoyote. Spea ghali huletwa kwa meli. Tabia ya kutafuta sababu kabla ya tiba inabidi tuilee wenyewe. Sehemu ya tano itahusu maji yanayojikusanya chini ya tanki, na kwa nini tanki lijazwe jioni.