Kibanzi cha Chuma Jichoni na Sumaku Isiyozimwa

Jibondo ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, jirani na kisiwa kikuu cha Mafia, ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Ardhi yake ni haba kwa kilimo. Riziki ya wakazi hutoka baharini na katika mikono ya mafundi wa vyombo, ambao sifa yao imeenea mbali na kisiwa chenyewe. Mbao huchongwa kwa tezo, matundu hutobolewa kwa keekee, misumari hupigwa, kisha chombo hutiwa kalafati. Nyundo inapokutana na kichwa cha msumari au cha patasi, chembe ndogo za chuma huweza kuruka. Nyingi huangukia mchangani. Moja, pengine mara moja tu katika miaka mingi ya kazi, huingia jichoni.

Fundi hupepesa, huosha uso, jicho huwa jekundu siku mbili tatu, kisha hurejea kazini na kisa husahaulika. Makala haya yanahusu siku ambayo kisa hicho hakina budi kukumbukwa: siku ambayo fundi yuleyule, sasa mtu mzima mwenye maumivu ya mgongo yanayoteremka hadi mguuni, anaandikiwa rufaa ya kuvuka kutoka Kilindoni hadi Nyamisati na kuendelea hadi Dar es Salaam kwa ajili ya kipimo cha MRI.

Wagonjwa wengi hudhani kwamba MRI ni eksirei kubwa zaidi. Sivyo. Hakuna mionzi ya eksirei ndani yake. Mwili wa binadamu umejaa maji na mafuta, na ndani ya maji na mafuta mna haidrojeni, ambayo kiini chake ni protoni moja. Kila protoni ina tabia iitwayo spini, inayoifanya iwe mfano wa sumaku ndogo mno. Mgonjwa anapolazwa ndani ya sumaku kubwa, spini hizo hujipanga kwa kiasi fulani kufuata uelekeo wa sumaku, huku zikiyumba kwa mwendo maalumu. Mtu anayesukuma pembea anajua kwamba msukumo mdogo unaokuja kwa wakati wake huipandisha pembea juu, ilhali msukumo mkubwa usiofuata wakati hupotea bure. Mashine hufanya vivyo hivyo kwa mawimbi ya redio. Katika sumaku ya tesla 1.5, protoni huitikia mawimbi ya takriban megahezi 64, chini kidogo ya yale ya redio za FM. Mwitiko huo ndio resonansi ya spini, na kompyuta huutumia kuchora picha ya uti wa mgongo au ubongo.

Elimu hii haikuzaliwa hospitalini. Mwaka 1944 Yevgeny Zavoisky, akiwa Kazan katika Urusi ya wakati ule, aligundua resonansi ya spini za elektroni. Mwaka 1946 Felix Bloch na Edward Purcell, kila mmoja na wenzake huko Marekani, waliionyesha resonansi ya viini vya atomu katika maji na nta. Kwa miaka mingi iliyofuata chombo hiki kilikuwa mali ya wanafizikia na wanakemia, waliokitumia kuhoji mawe, chumvi na oksidi za metali. Picha ya kwanza ya aina hii, iliyochapishwa na Paul Lauterbur mwaka 1973, ilikuwa ya mirija miwili ya maji, wala haikuwa ya mgonjwa.

Sasa tuitazame sumaku yenyewe, maana hatari yote imo humo. Tesla 1.5 ni zaidi ya mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayogeuza sindano ya dira ya nahodha. Kuipata nguvu hiyo kwa waya wa shaba wa kawaida kungeteketeza umeme mwingi mno na kuyeyusha waya. Dawa ya tatizo hilo ilianza kuonekana mwaka 1911 huko Leiden, Uholanzi, pale Heike Kamerlingh Onnes alipoipoza zebaki hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri ya Selsiasi na kukuta kwamba ukinzani wake kwa umeme umetoweka kabisa. Vitu vya namna hiyo huitwa superkondakta. Nyingi ya sumaku kubwa za hospitali zimesukwa kwa waya wa niobiamu na titaniamu uliozamishwa katika heliamu ya maji. Mkondo wa umeme huingizwa mara moja, mwanzoni, kisha huendelea kuzunguka wenyewe mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka, bila kusukumwa na chochote.

Jambo hili halina budi kueleweka na kila mfagizi, mlinzi, muuguzi na ndugu wa mgonjwa. Kelele za mashine zinaponyamaza, sumaku haijanyamaza. Umeme wa mtaa mzima ukikatika, sumaku ingali pale. Usiku, mlango ukiwa umefungwa na taa zimezimwa, ingali pale. Kuizima kwa dharura ni kuiacha heliamu ichemke na kutoka kwa kishindo, kazi ya gharama kubwa na yenye hatari ya kuwanyima hewa waliomo chumbani, kwa hiyo hakuna anayeizima kwa sababu ya kusahau funguo mfukoni. Mwaka 2001 nchini Marekani, mtungi wa oksijeni wa chuma uliingizwa katika chumba cha MRI wakati mtoto wa miaka 6 yumo ndani ya mashine. Uliruka ukampiga kichwani, naye akafariki.

Heliamu hiyo, kwa njia, si ngeni kwetu. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya utafutaji, walitangaza kwamba chini ya ardhi ya Rukwa kuna akiba kubwa, waliyoikadiria wakati ule kuwa futi za ujazo bilioni 54. Na huko Mbarara, Uganda, mwaka 2022 wahandisi wa chuo kikuu cha hapo na wenzao wa nje walikusanya mashine ndogo ya MRI isiyohitaji heliamu hata tone, iliyotengenezwa kwa sumaku za kudumu zenye nguvu ndogo sana ikilinganishwa na za hospitali kubwa, ikilenga watoto wenye vichwa vikubwa kwa kujaa maji.

Wanasayansi nao wamekuwa wakitafuta superkondakta zisizohitaji baridi kali namna hiyo, na walizipata mahali ambapo wachache walitazamia: katika oksidi, jamii ya vitu vilivyo ndugu wa vigae na vyungu, ambavyo kwa kawaida hukataa umeme usipite. Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, huko Zürich, waliikuta hali hiyo katika oksidi ya shaba yenye lanthanamu na bariamu. Müller alikuwa ametumia miaka mingi kuzichunguza oksidi kwa resonansi ya spini za elektroni, na ninaamini kwamba mazoea hayo ya kusikiliza elektroni moja moja ndiyo yaliyompa ujasiri wa kupekua palipodharauliwa. Mwaka uliofuata ikapatikana oksidi ya itriamu, bariamu na shaba, inayopoteza ukinzani karibu na nyuzi 180 chini ya sifuri, kiwango kinachofikiwa kwa naitrojeni ya maji iliyo rahisi kupatikana.

Kuzichunguza oksidi hizo kwa resonansi ya elektroni kulileta kitendawili: spini za shaba ndani yake hazitoi mwitiko ulio wazi. Watafiti wakaweka shahidi. Mahali pa itriamu waliingiza gadoliniamu, atomu yenye usumaku mkubwa, wakausikiliza mwitiko wake na kupitia huo wakajua hali ya elektroni zilizoizunguka. La kustaajabisha ni kwamba hata itriamu yote ilipobadilishwa kwa gadoliniamu, kitu kile kilibaki superkondakta, ingawa usumaku kwa desturi ni adui wa hali hiyo. Mgonjwa aliyewahi kuchomwa dawa mkononi katikati ya kipimo cha MRI huenda amekutana na shahidi huyohuyo: dawa nyingi za kung'arisha picha hubeba gadoliniamu, iliyofungwa kwa kemikali ili isiudhuru mwili. Ndiyo sababu huulizwa kwanza kuhusu figo zake, kwa kuwa figo zilizochoka sana hushindwa kuitoa. Oksidi hizo bado hazijachukua nafasi ya niobiamu katika mashine za kawaida, maana huvunjika kama kigae na kuzisuka ziwe waya ni kazi ngumu.

Zipo oksidi nyingine ambazo Jibondo wanazijua zaidi, nazo ni kutu. Kutu nyekundu ya msumari huvutwa na sumaku kwa unyonge. Oksidi nyeusi ya chuma, magnetiti, huvutwa kwa nguvu. Na ile sumaku nyeusi iliyo nyuma ya spika ya redio mara nyingi ni oksidi ya chuma iliyochanganywa na strontiamu au bariamu. Kwa hiyo asitokee wa kusema kwamba chembe iliyokaa jichoni miaka 20 imeshaliwa na kutu na haina neno tena. Kiini chake chaweza kuwa chuma kizima, na kutu yenyewe yaweza kuwa na usumaku. Zaidi ya hayo, chuma kinachoyeyuka polepole ndani ya jicho huweza kuidhuru retina na kufifisha uoni, hata kama mtu hajawahi kuikaribia MRI.

Mwaka 1986 madaktari wa Marekani waliripoti habari ya mfanyakazi wa mabati aliyeingia MRI akiwa na chembe ya chuma jichoni asiyoijua. Chembe ilisogea, damu ikavuja ndani ya jicho, na jicho hilo likapofuka. Penginepo mwilini, kovu hukishika chuma kisisogee. Ndani ya jicho hakuna kitu kigumu cha kukizuia.

Fomu ya MRI huuliza kama mgonjwa ana chuma mwilini. Fundi hujibu hapana, na hasemi uongo, kwa kuwa yeye hufikiria risasi au vyuma vya kuungia mifupa. Mhudumu wa afya anayejaza rufaa kisiwani au Kilindoni, anayezijua kazi za watu wake, ana nafasi nzuri ya kuuliza vema kuliko mgeni wa Dar es Salaam. Baada ya shikamoo, aulize hivi: “Mzee, katika kupiga misumari au kunoa tezo, umewahi kuhisi kitu kimekuruka jichoni? Ulitolewa na nani? Kilitoka chote?” Swali hilohilo waulizwe wachomeleaji na wanaokata vyuma. Mvuvi aulizwe kama ndoana iliwahi kumkatikia mwilini. Jibu liandikwe kwenye barua ya rufaa kwa maneno yanayosomeka.

Akisema ndiyo, na hakuna uhakika kwamba chembe ilitolewa yote, hupigwa kwanza picha ya eksirei au CT ya matundu ya macho. Hizo hazitumii sumaku, na chuma huonekana humo.

Kinamama wengi huuliza kuhusu kitanzi. Kile cha shaba hakivutwi na sumaku. Hata hivyo kitajwe, kama vitajwavyo kifaa cha moyo, kibanio cha mshipa wa ubongo na vyuma vya mifupa, ili mtaalamu wa mashine apime kila kimoja kwa aina yake. Pini za ushungi na vibanio vya nywele huachwa nje. Hirizi pia, kwani huenda ndani yake mna sindano au kipande cha bati asichokijua hata mwenyewe aliyeivaa. Wanja huoshwa: rangi za namna hiyo huweza kuwa na oksidi za chuma, zinazoharibu picha ya jicho na pengine kuleta joto katika ngozi ya kope.

Chembe ikionekana jichoni, MRI huahirishwa na mgonjwa hupelekwa kwa daktari wa macho. Maumivu ya mgongo yanaweza kuanza kuchunguzwa kwa CT wakati huo. Chembe ikishatolewa na picha ya pili ikathibitisha kwamba jicho ni safi, fundi anaweza kurudi kwenye foleni ya MRI akiwa na barua ya daktari huyo mkononi.