Cheti cha dawa kisichojitosheleza ni hatari kwa mgonjwa

MGONJWA anayetibiwa katika zahanati ya kijiji wilayani Kyela, mkoani Mbeya, au Kilolo, mkoani Iringa, akikosa dawa dirishani huondoka na cheti cha kwenda kununua kwingine.

Kuanzia hapo, cheti ndicho kinachozungumza kwa niaba ya tabibu. Mtoa dawa katika duka la mjini hajamwona mgonjwa akipimwa, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe hayupo. Aliyeshika cheti ni ndugu aliyetumwa.

Madhara ya mwandiko usiosomeka yanafahamika. Katika shauri lililoamuliwa nchini Uingereza miaka ya 1980, mfamasia alisoma Amoxil, dawa ya kuua bakteria, kuwa ni Daonil, dawa ya kushusha sukari. Mgonjwa hakuwa na kisukari, naye alipata madhara ya kudumu ya ubongo. Mahakama iliwaona wote wawili kuwa walizembea: asilimia 75 ya lawama kwa mfamasia na asilimia 25 kwa daktari.

Hata hivyo, cheti chaweza kuandikwa kwa hati nzuri na bado kikawa na upungufu.

Mfano ni dawa mseto ya malaria, ALu, ambayo Tanzania ilianza kuitumia badala ya SP mwishoni mwa mwaka 2006. Dozi yake hufuata uzito. Mtoto wa kilo 10 hupewa kidonge kimoja kila mara, na mtu wa kilo 35 au zaidi hupewa vinne, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Hivyo mmoja huhitaji vidonge 6 na mwingine 24.

Cheti kinachosema "ALu" bila umri, uzito wala idadi humwachia mtoa dawa kukisia. Akipunguza, vimelea hubaki mwilini. Akizidisha, humdhuru mtoto.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 1994 unataka cheti kiwe na jina na umri wa mgonjwa, tarehe, jina halisi la dawa, nguvu yake, kiasi, maelekezo ya matumizi, pamoja na jina na saini ya mwandishi.

Kompyuta huondoa tatizo la mwandiko, lakini haziwezi kubuni uzito ambao haukupimwa.

Kinga ya kwanza ni mgonjwa kusomewa cheti chake kabla hajaondoka: dawa gani, kiasi gani, mara ngapi, kwa siku ngapi. Naye mtoa dawa asiyeelewa hana budi kumtafuta aliyeandika, au kukirudisha cheti. Nauli ya kurudi zahanati ni mzigo kwa mwananchi, lakini dozi isiyo sahihi humgharimu zaidi.