Umenyonywa mafuta, mbona umevimba?

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ianze kufanya upasuaji wa urembo, habari za kunyonya mafuta zimehama kutoka kurasa za mastaa zikaingia saluni na kwenye magrupu ya WhatsApp. Picha zinazosambaa ni mbili tu: kabla na baada. Majuma ya katikati hayapigwi picha, na hapo ndipo kila mtu anapokuwa na neno lake: rafiki, shangazi, na yule anayeuza mikanda mtandaoni. Tuyapime baadhi ya maneno hayo.

“Unaingia na tumbo, unatoka na kiuno.”

Si kweli. Kabla ya kunyonya, daktari humimina kwenye mafuta maji ya chumvi yaliyochanganywa na lidokaini, dawa ya ganzi, pamoja na adrenalini ya kubana mishipa ili damu isipotee nyingi. Mbinu hiyo aliichapisha Jeffrey Klein, daktari wa ngozi wa California, mwaka 1987. Kisha bomba jembamba hupitishwa chini ya ngozi, mbele na nyuma, likivunja mafuta na kuyavuta. Sehemu ya maji yale hubaki mwilini, na tishu zilizosumbuliwa huvimba. Ndiyo maana siku ya tatu mtu anapanda mizani anakuta uzito umeongezeka, na suruali iliyomwenea juzi haipiti mapajani. Uvimbe huzidi siku chache za mwanzo, mwingi wake hupungua ndani ya wiki 4 hadi 6, na unaobaki huchukua miezi 3 hadi 6, wakati mwingine zaidi. Anayepeleka kitambaa cha gauni la harusi kwa fundi wiki ya pili ajue atarudi kupunguziwa.

“Vidonda vikivuja, mshono umefumuka.”

Mara nyingi si kweli. Matundu ni ya milimita chache tu, na madaktari wengi huyaacha wazi makusudi ili maji yatoke. Yatatoka kweli, yenye rangi ya waridi, kwa siku moja hadi tatu. Tandika nailoni juu ya godoro, kisha taulo kuukuu. Damu nzito, nyekundu, isiyokoma ni habari nyingine: hiyo ni ya kurudi hospitali usiku huohuo.

“Ukishazinduka, unaweza kwenda kulala kwako peke yako.”

Si kweli, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Lidokaini ile huingia kwenye damu polepole. Kiwango chake hufika kileleni takriban saa 12 baada ya kuwekwa, pengine usiku wa manane ukiwa umeshafika nyumbani. Masikio kuvuma, midomo kufa ganzi, kuchanganyikiwa: hizo ni dalili kwamba imezidi, na anayechanganyikiwa hawezi kupiga simu mwenyewe. Wengine huzimia mara ya kwanza wanapovua vazi la kubana linalovaliwa baada ya upasuaji ili waoge. Lakini upasuaji huu hufanywa sana kwa siri. Mume ameambiwa ni semina Dodoma, dada hajaambiwa lolote. Siri ni haki ya mtu, sibishi. Ila awepo mtu mzima mmoja anayejua, na alale humo ndani.

“Ukandwe kwa maji ya moto na kufungwa tumbo, kama mzazi.”

Hapa wamechanganywa watu wawili tofauti. Ngozi iliyopitiwa na bomba hufa ganzi kwa wiki kadhaa, hata miezi, kwa sababu mishipa midogo ya fahamu imeguswa. Mzazi maji yakizidi moto atapiga kelele. Wewe hutasikia, utakuja kuona malengelenge kesho yake. Chupa ya maji ya moto na barafu iliyowekwa moja kwa moja kwenye ngozi zina hatari ileile. Bibi aache kukanda.

Kufunga tumbo kuna ukweli ndani yake. Vazi la kubana huvaliwa usiku na mchana, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, likisaidia kupunguza uvimbe na kuifanya ngozi ishikane na tishu za chini. Kanga iliyokazwa kwa fundo haifanyi kazi hiyo: hubana sehemu moja, ikalegea nyingine, na mkunjo wake unaweza kuacha bonde kwenye ngozi. Anayesema kadiri unavyobana ndivyo kiuno kinavyoumbika anauza mkanda. Vazi likikukatisha pumzi au kuiacha miguu ikiwa baridi, limezidi.

“Vinundu maana yake daktari kaharibu.”

Si lazima. Ugumu, vinundu na kuwashwa ni kawaida katika majuma ya kupona, na mara nyingi hulainika vyenyewe. Uvimbe unaochezacheza kama maji yamejikusanya mahali pamoja uonyeshwe kwa daktari. Huenda akayavuta kwa sindano.

“Ulale tu mpaka upone.”

Si kweli, na uongo huu huua. Damu isiyotembea huganda miguuni, na donge likipanda hadi mapafuni mtu anaweza kufa ghafla. Tembea chumbani siku ileile ya upasuaji, polepole, ukiinama kidogo kama inabidi. Mazoezi mazito na kunyanyua ndoo ndivyo vinavyosubiri wiki kadhaa. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au pumzi ikawa fupi, nenda hospitali. Vivyo hivyo homa, kutapika, au maumivu ya tumbo yanayoongezeka badala ya kupungua, kwa sababu bomba linaweza kutoboa utumbo. Jijini Nairobi, mwaka 2024, mwanamke alifariki baada ya upasuaji huu, na baraza linalosimamia madaktari nchini Kenya likaifunga kliniki iliyohusika.

“Mafuta yakitolewa hayarudi.”

Nusu kweli. Seli zilizovutwa zimekwenda, lakini zilizobaki hunenepa ukizilisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, waliwafuatilia wanawake walionyonywa mafuta mapajani na sehemu ya chini ya tumbo. Baada ya mwaka mmoja mafuta yalikuwa yamerudi, ila hayakurudi mapajani. Yalihamia juu zaidi, hasa tumboni.

“Sukari na presha zitashuka.”

Si kweli. Klein mwingine, Samuel, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, alichapisha utafiti wake mwaka 2004: wanawake 15 wanene, baadhi yao wakiwa na kisukari, walitolewa mafuta ya tumbo, karibu kilo 10 kwa wastani. Walipopimwa wiki 10 hadi 12 baadaye, hakukuwa na nafuu ya maana katika utendaji wa insulini wala katika presha. Bomba huvuta mafuta yaliyo chini ya ngozi. Yale yanayozunguka viungo ndani ya tumbo haliyafikii. Vidonge vya sukari na presha viendelee kama daktari alivyoandika, hata kama sketi imeanza kupwaya.