Fahamu: "Silaha za jadi" ni zipi, na kuzibeba huwa kosa lini?

Taarifa za ugomvi wa wakulima na wafugaji mkoani Morogoro hazikosi maneno haya: "walikuwa wamebeba silaha za jadi." Maana yake ni silaha zisizo za moto: sime, rungu, mkuki, upinde na mishale. Mara nyingi panga na shoka huingizwa humo humo.

Hapo ndipo penye ugumu. Mkulima anayeshuka milima ya Uluguru na panga mkononi kuelekea Morogoro Mjini amebeba kifaa cha kazi. Kijana wa Kimaasai na rungu lake yuko katika mavazi yake ya kila siku. Kuwataja kuwa wamebeba silaha kabla hawajamgusa mtu ni kuwaonea.

Bunduki haina utata: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inadai leseni. Panga halina leseni, hivyo hutazamwa lilivyotumika. Chini ya kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, anayeiba akiwa na silaha ya hatari, akatumia nguvu au kutishia kuitumia, ametenda unyang'anyi wa kutumia silaha. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, hata kama silaha yenyewe ni panga.

Wala neno "jadi" lisipunguze uzito wa jambo. Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Taarifa nzuri hutaja nani alishika nini, na alikifanyia nini.