Kibaraza, Kijiwe na Fremu: Maeneo ya Kukutania Mtaani na Uanuwai wa Kitamaduni Jijini Dar es Salaam

Makala haya yanafafanua namna kibaraza cha nyumba na kijiwe cha mtaani vinavyowakutanisha watu wa asili mbalimbali jijini Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu mkoani humo wakazi 5,383,728, ilhali mwaka 1967 jiji lilikuwa na watu wasiofika 300,000. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imetokana na uhamiaji kutoka karibu kila mkoa. Husemwa mara nyingi kwamba Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wahamiaji hao. Kauli hiyo ni ya kweli, ila haijitoshelezi: lugha huhitaji mahali pa kuzungumziwa, na watu hawazungumzi kwa kina pasipo na pa kukaa.

Ramani ya kikoloni haikukusudia kuwakutanisha watu. Utawala ulitenga maeneo matatu ambayo wakazi waliyaita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikuwa katika eneo la tatu. Nyumba iliyoenea huko ilikuwa na ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili, uani nyuma na kibaraza mbele. Mwenye nyumba aghalabu alipangisha chumba kimoja kimoja, hivyo Mzaramo, Mmanyema na Mnyamwezi waliweza kulala chini ya paa moja na kuchangia choo. Kibaraza kilikuwa mali ya mwenye nyumba, lakini matumizi yake yalikuwa ya mtaa. Mpita njia aliyetoa salamu alikaribishwa kukaa bila kuulizwa anatafuta nini.

Kijiwe kimerithi desturi hiyo. Mara nyingi huwa ni benchi chini ya mti, muuza kahawa na birika lake juu ya jiko la mkaa, sahani ya kashata, na drafti inayochezwa kwa vizibo vya soda. Kikombe kimoja cha kahawa humpa mtu haki ya kukaa asubuhi nzima. Hapo tofauti za asili hazifichwi. Hutajwa waziwazi, tena kwa kelele. Chombo kinachowezesha jambo hilo ni utani. Wazaramo na Wanyamwezi, kwa mfano, ni watani tangu enzi za misafara iliyotoka bara kwenda pwani. Mnyamwezi anayefika kijiweni akimkuta Mzaramo anaweza kumwita mtumwa wake na kudai kahawa ya bure, naye asikasirike, kwa kuwa atalipiza kesho. Msibani, mtani huyohuyo huruhusiwa kuzuia jeneza mpaka apewe chochote, na familia iliyofiwa hucheka katikati ya kilio.

Ushabiki wa soka huongeza mgawanyiko wa aina nyingine. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka uliofuata, huwapanga watu bila kujali kabila wala dini. Wahaya wawili hujikuta wakibishana, kila mmoja akitetewa na Mmakonde. Pengine ubishi huo umelisaidia jiji kuliko hotuba nyingi za umoja.

Hata hivyo, kijiwe kisitukuzwe kupita kiasi. Kwa kawaida ni mahali pa wanaume. Wanawake hukutana uani, bombani, kwenye ususi na katika vikundi vya kuweka na kukopa, na huko mchanganyiko wa makabila huenda ukawa mkubwa zaidi, kwa sababu fedha hulazimisha kuaminiana. Wakazi wa ghorofa za katikati ya jiji, wengi wao wenye asili ya Kiasia, hawana kibaraza cha kumkaribishia mpita njia.

Tatizo kubwa zaidi limo katika upanuzi wa jiji. Kariakoo, nyumba nyingi za zamani zimepisha maghorofa ya biashara. Magomeni na Manzese, wenye nyumba wengi wamegeuza vibaraza kuwa fremu za maduka, uamuzi unaoeleweka kwa kuwa kibaraza hakilipi kodi na fremu hulipa. Huko Goba, Kimara na Chanika, anayejenga huanza na ukuta na geti. Kijiwe hubaki kando ya barabara, katika hifadhi yake, pamoja na bodaboda; barabara inapopanuliwa, benchi huwa la kwanza kuondolewa. Msiba unapotokea, turubai husimikwa katikati ya njia kwa kukosa nafasi nyingine, na jirani aliye nyuma ya ukuta hupata habari kwa ujumbe wa simu, akalazimika kuuliza marehemu alikuwa nani.